Mti mkubwa karibu na nyumba: Jinsi ya kutambua kama ni salama

MVUA za masika zinapokaribia kuanza katika ukanda wa Pwani, wenye nyumba wengi jijini Dar es Salaam huanza kuutazama kwa wasiwasi ule mwembe mkubwa ulio nyuma ya nyumba na kujiuliza kama utasimama mpaka mvua ziishe.

Swali hilo hujibiwa kwa namna mbili, na katika zote mbili hakuna uchunguzi. Wapo wanaosema kuwa mti huo ulipandwa na marehemu babu, umekwisha kuona masika mengi, hivyo hauwezi kuanguka leo. Wapo pia ambao, wakisikia kwamba mti umeangukia nyumba mtaa wa pili, humwita mwenye msumeno siku hiyo hiyo na kuufyeka wa kwao hadi kisiki.

Kundi la kwanza huhatarisha maisha ya watu. La pili hupoteza kivuli kilichochukua miaka 40 kukua, tena katika jiji ambalo joto lake la Januari na Februari halihitaji maelezo. Mara nyingi mti unaokatwa ni ule ulioinama tangu utoto wake na usio na tatizo lolote, huku ule ulionyooka wima, ambao mizizi yake ilikatwa mwaka juzi wakati wa kujenga uzio, ukiachwa kwa sababu unapendeza machoni.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyachunguza mwenyewe kwa macho, kwa mikono na kwa futi ya kamba, na pia mahali ambapo hana budi kumtafuta mtaalamu.

Hatari ni nini hasa?

Mti uliooza katikati ya pori si hatari kwa mtu yeyote. Mti huo huo ukiwa juu ya chumba wanacholala watoto ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana wataalamu wa utunzaji wa miti, wakiwamo wale wa chama cha kimataifa cha fani hiyo, ISA, chenye makao nchini Marekani, hawaulizi tu kama mti ni mbovu. Huuliza mambo matatu: kuna uwezekano gani wa mti au tawi lake kuvunjika, kuna uwezekano gani wa kuangukia kitu, na je, ukiangukia kitu hicho madhara yatakuwa makubwa kiasi gani.

Jambo la kwanza kufanya, basi, ni kujua mti utafika wapi ukianguka. Kwa hilo unahitaji kujua urefu wake, na si lazima uupande. Tafuta fimbo iliyonyooka. Nyoosha mkono mbele yako, ishike fimbo ikiwa imesimama wima, na hakikisha kwamba sehemu iliyo juu ya ngumi yako ina urefu sawa na umbali kutoka ngumi hadi jicho lako. Kisha rudi nyuma taratibu mpaka ngumi ilingane na kitako cha mti na ncha ya fimbo ilingane na kilele chake. Kama ardhi ni tambarare, umbali kutoka ulipo hadi kwenye mti ni karibu sawa na urefu wa mti huo.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20, ambacho ni cha kawaida mijini, mwembe wa mita 15 uliopo kwenye kona moja unaweza kuifikia nyumba yako, nyumba ya jirani na nyaya za umeme za barabarani. Ndani ya duara hilo, angalia kuna nini na kwa muda gani. Kitanda hutumika saa nane kila usiku. Gari huegeshwa usiku kucha, lakini gari si mtu. Benchi la kahawa au jiko la mama lishe huwa na watu mchana kutwa. Choo cha nje hutumika dakika chache. Tofauti hizi si ndogo, kwa sababu ndizo zitakazoamua kama tatizo linaweza kumalizwa kwa kuhamisha benchi badala ya kukata mti.

Anza kuangalia chini

Watu wengi wakiuchunguza mti huinua kichwa kutazama juu. Anayejua kazi hii huanza kwa kuinama.

Kinyume na picha za vitabu vya shule, zinazoonyesha mizizi ikishuka chini kama kivuli cha matawi, sehemu kubwa ya mizizi ya mti mkubwa imo ndani ya sentimeta 60 za juu za udongo. Hutambaa kwa upana, mara nyingi mara mbili ya eneo la kivuli au hata zaidi. Mizizi myembamba iliyo mbali ndiyo inayonyonya maji, na ile minene iliyo karibu na shina ndiyo nanga. Mwembe ulioota kwa kokwa papo hapo huwa pia na mzizi mkuu unaoshuka chini sana, lakini hata huo huitegemea mizizi ya pembeni kusimama imara katika upepo.

Kwa hiyo swali muhimu kuliko yote ni hili: katika miaka kumi iliyopita, ni nini kimechimbwa karibu na mti huu? Msingi wa uzio, mtaro wa bomba la maji, shimo la choo, chemba, msingi wa vyumba vya kupangisha, au kifusi kilichorundikwa ili kuinua ua dhidi ya mafuriko. Mizizi iliyokatwa haitoi kelele. Mti unaweza kubaki na majani mabichi kwa miaka kadhaa huku vidonda vya mizizi vikioza chini ya ardhi, na siku utakapoanguka kila mtu atasema ulikuwa mzima.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua mti wenye mzingo wa sentimeta 190 kwenye usawa wa kifua. Kipenyo chake ni karibu sentimeta 60. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba kukata mizizi ndani ya umbali wa mara tatu ya kipenyo, yaani chini ya mita 1.8 kutoka kwenye shina la mti huu, ni kugusa nanga yenyewe. Na kwa ajili ya afya ya mti, eneo linaloshauriwa kutochimbwa hufika mara kumi na mbili ya kipenyo, ambayo hapa ni kama mita saba. Katika viwanja vyetu ni vigumu kutimiza hilo la pili. Lile la kwanza linawezekana, na fundi anayechimba msingi anapaswa kuambiwa kabla hajashika sururu.

Baada ya swali hilo, zunguka shina polepole. Tafuta nyufa kwenye udongo, hasa zilizopinda kama mwezi mwandamo upande mmoja wa mti. Tafuta mahali ambapo udongo umeinuka kama umesukumwa kutoka chini. Siku ya upepo simama mbali kidogo na uangalie kama ardhi inapumua, yaani inapanda na kushuka mti unapoyumba. Dalili hizi tatu ni za dharura. Zikionekana, waondoe watu upande ule mti unakoelekea kuanguka siku hiyo hiyo, kisha ndipo mazungumzo mengine yafuate.

Dalili nyingine ni uyoga. Si ule mdogo unaoota kwenye majani yaliyooza na kutoweka baada ya siku mbili, bali ule mgumu, mfano wa kibao au sikio kubwa, unaochomoza kwenye kitako cha shina au kwenye mizizi iliyo wazi. Huo ni tunda la kuvu ambalo tayari limo ndani ya mbao likizila. Ukiuvunja na kuutupa huondoi chochote ila ushahidi.

Shina lenye uwazi si lazima lianguke

Hapa ndipo hofu nyingi zisizo na msingi hutokea. Mtu akiona tundu kwenye shina, na popo wakitoka jioni, huamua mti umekufa. Ukweli ni kwamba mti huishi kwenye tabaka jembamba lililo chini ya gome, na mbao za katikati ni za kale zisizo hai. Bomba la chuma lina uwazi ndani na bado hubeba mzigo. Shina nalo ni vivyo hivyo, mradi kuta zake ni nene za kutosha.

Unene gani unatosha? Mwanafizikia Mjerumani Claus Mattheck wa Karlsruhe, ambaye katika miaka ya 1990 alieneza njia ya kuuchunguza mti kwa kusoma umbo lake, alilinganisha miti iliyovunjika na iliyosimama na kupata kanuni kwamba ukuta mzima ukipungua chini ya karibu theluthi moja ya nusu kipenyo, uwezekano wa kuvunjika hupanda. Kwa mti wetu wa mzingo wa sentimeta 190, gawanya kwa 6.28 utapata nusu kipenyo cha sentimeta 30. Theluthi yake ni sentimeta 10. Kanuni hiyo imebishaniwa na wataalamu wengine, na haifai pale ambapo tundu limefungua upande mmoja wa shina, kwa kuwa bomba lililopasuka ni dhaifu kuliko bomba zima. Hata hivyo, kama mwongozo wa kwanza inatosha kumfanya mtu asikate mti ovyo, au asiuache ovyo.

Kwa kupima, chukua nyundo ya mbao na ugonge shina kuanzia chini hadi usawa wa kichwa, ukilizunguka. Mbao nzima hutoa mlio mfupi na mkavu, na palipo na uwazi mlio hugeuka kama wa ngoma. Pale palipo na tundu, ingiza waya mgumu taratibu uone unafika wapi. Wataalamu wana vifaa vya kutoboa kwa sindano nyembamba na vya kupima kasi ya sauti ndani ya mbao, lakini nyundo na waya vinatosha kukuambia kama kuna haja ya kwenda huko.

Kuhusu mchwa, kuna jambo la kufahamu. Udongo wa mchwa uliotambaa juu ya gome hauna maana kwamba mti umeliwa ndani, kwani mara nyingi wadudu hao hula magamba makavu ya nje tu. Chukua kijiti, kwangua udongo huo, kisha bonyeza gome. Likiwa gumu na lenye unyevu chini yake, hakuna la kuhofia kwa sasa. Likibonyea na vumbi likamwagika, hapo uozo umetangulia na mchwa wamefuata.

Ufa ni mbaya kuliko tundu. Ufa wima uliopenya ndani ya mbao, hasa ukionekana pande mbili za shina zinazotazamana, una maana kwamba shina limeanza kugawanyika na vipande vinasuguana. Mti uliopigwa na radi huacha mstari mrefu wa namna hiyo. Vilevile angalia panda kubwa, pale shina linapogawanyika kuwa mawili yanayolingana. Panda iliyo pana kama herufi U kwa kawaida ni imara. Ile nyembamba kama herufi V, ambayo gome limemezwa katikati badala ya mbao kuungana na mbao, ndiyo hupasuka usiku wa upepo na kuangusha nusu ya mti juu ya bati.

Kuinama peke yake si kosa. Mti ulioinama tangu ukiwa mchanga huikunja ncha yake kuelekea juu, na hujijengea mbao na mizizi ya kujishikilia. Wa kuogopwa ni ule uliokuwa wima mwaka jana na leo umelala kidogo, ncha yake ikiwa imenyooka kufuata mlalo huo. Picha moja ya simu, ikipigwa kila mwaka kutoka mahali pale pale na ukuta wa nyumba ukionekana, humaliza ubishi wa familia juu ya jambo hili.

Matawi na majani

Ndipo sasa uinue kichwa. Tawi lililokauka ni tawi litakaloanguka, na kinachobaki ni kujua siku tu. Usichanganye ukavu na kupukutisha. Mkrismasi, msufi na mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi kwa tabia yake. Kwangua kijitawi kwa ukucha: kukiwa na kijani chini ya gome, kipo hai.

Majani yakipungua kuanzia kileleni kushuka chini, mwaka hadi mwaka, tatizo kwa kawaida liko kwenye mizizi, na hilo hukurudisha kule tulikoanzia. Kirukia nacho, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miembe na michungwa, hunyonya tawi mpaka ncha yake ikafa, na kichaka chake huongeza uzito na kukamata upepo. Hukatwa pamoja na sehemu ya tawi, kwani kukichuma tu hakukiondoi.

Hatari nyingine iliyo juu hutengenezwa na binadamu. Ni desturi ya miji yetu kukata kichwa cha mti, yaani kufyeka matawi yote makubwa na kubakiza nguzo, kwa imani kwamba mti mfupi ni mti salama. Mwaka wa kwanza huonekana hivyo. Kisha machipukizi mengi huota kwa kasi kuzunguka kila kisiki cha tawi, yakiwa yameshikamana na ngozi ya juu tu ya mti, wakati chini yake kisiki kinaoza. Baada ya miaka mitano au sita, machipukizi hayo yamekuwa matawi mazito yaliyobandikwa juu ya uozo. Mti ulioogopwa bila sababu sasa umepewa sababu.

Mti na mti

Aina ya mti hubadili uzito wa dalili. Mkrismasi una mbao laini, mizizi ya juu juu na kivuli kipana, hivyo usipandwe karibu na ukuta, na uliopo uangaliwe mara kwa mara. Mkaratusi unajulikana kwa kuangusha tawi kubwa siku tulivu isiyo na upepo. Sitaweka meza ya chakula chini yake. Mvinje hustahimili upepo wa bahari vizuri, isipokuwa kwenye viwanja vya ufukweni ambako maji yanakula mchanga na kuacha mizizi ikining'inia. Mparachichi, rafiki wa nyumba za Kilimanjaro na Mbeya, una matawi mepesi kukatika, na mahali panapotuama maji mizizi yake huoza.

Mbuyu hauna kipimo cha kawaida. Mbao zake ni kama sifongo iliyojaa maji, na uwazi ndani yake ni sehemu ya maumbile yake. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote iliyochunguzwa barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake za kale kuporomoka katika muda wa takribani miaka 12. Ukongwe si kinga.

Msufi nao umetoa ushahidi. Usiku wa Mei 24, 2023, msufi maarufu wa Freetown, nchini Sierra Leone, ambao wenyeji waliuhesabu kuwa na umri wa karne kadhaa na ambao picha yake ilikuwa kwenye noti za nchi hiyo, uliangushwa na mvua ya dhoruba. Ulikuwa umesimama katikati ya mji, ukipitwa na maelfu ya watu kila siku.

Mnazi si mti wa kuhukumiwa kama mingine, kwa kuwa shina lake halina uwezo wa kufunika jeraha. Vipandio vinavyochongwa na wakwezi hubaki hivyo maisha yake yote. Hupinda katika upepo bila kukatika, na hatari yake ya kila siku ni nazi na makuti. Nazi inayoanguka kutoka mita 20 hufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa. Mnazi ulio juu ya njia ya kupita unapaswa kuangushwa nazi zake kwa wakati, hilo tu. Lakini ukipatwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeua minazi mingi katika mwambao wa Tanzania, kichwa kizima huanguka na kubaki nguzo tupu inayooza. Huo haufai kusubiriwa.

Upepo, mvua na desturi za uani

Miti mingi huanguka wakati wa masika kuliko wakati wa upepo mkavu wa kaskazi, na sababu yake ni udongo. Ardhi iliyoloa hupoteza mshiko, na majani yaliyoloa huwa mazito. Upepo nao ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka karibu mara nne. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 kiliwakumbusha wengi kwamba ukanda huu hauko nje ya njia ya vimbunga, jambo ambalo Unguja ililijua mwaka 1872 pale tufani ilipoangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake.

Mti hujizoeza upepo wa mahali pake. Ukivunja nyumba ya jirani iliyoukinga, au ukikata miti mingine mitatu iliyousindikiza, uliobaki hukutana na upepo usiouzoea. Huo ndio unaohitaji macho zaidi katika masika mawili yanayofuata.

Ziko pia desturi ndogo ndogo za uani zinazoua mti polepole. Takataka huchomwa kila Jumamosi kwenye kitako cha mti, na moto huo huunguza lile tabaka hai lililo chini ya gome. Gome la mwarobaini au la mwembe hubanduliwa kwa ajili ya dawa mpaka kuzunguka shina. Saruji humwagwa hadi kugusa shina ili ua upendeze. Waya wa kuanikia nguo hufungwa na kusahauliwa mpaka ukamezwa. Kila kimoja huonekana kidogo.

Ufanye nini?

Ukiona dalili, si lazima hukumu iwe msumeno. Kwanza hamisha kinachoweza kuhamishwa: kitanda, gari, banda la kuku, benchi. Pili, ondoa matawi makavu na yale yanayolemea paa. Tatu, punguza uzito kwenye ncha za matawi marefu, bila kuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Kuuangusha mti wote kunabaki kwa ule ulioshindwa kwenye nanga, uliopasuka shina, au uliooza kupita kiasi mahali ambapo watu hawawezi kuhamishwa.

Namna ya kukata ni muhimu kama uamuzi wa kukata. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili kuona ndani yake, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu. Hujenga kuta za ndani kuuzuia uozo, kisha hukua juu yake. Kuta hizo huanza kwenye uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Tawi likatwe nje kidogo ya uvimbe huo, bila kuufyeka na bila kuacha kisiki kirefu. Tawi kubwa lianze kukatwa kwa chini kidogo ili lisichane gome linapoanguka. Kujaza tundu kwa saruji, kazi ambayo bado hufanywa na baadhi ya mafundi kwa malipo, hakuongezi nguvu yoyote.

Usipande mwenyewe. Fundi mzuri hufunga tawi kwa kamba na kulishusha, huwaondoa watu chini, na hakatai kueleza atakata wapi kabla ya kuanza. Asemaye kwamba atamaliza mti wa mita 15 kwa panga na ngazi apewe shukrani na aende zake. Pale ambapo tawi liko karibu na nyaya za umeme, kazi hiyo si ya fundi wa mtaani hata kidogo: taarifa itolewe TANESCO. Ushauri wa kitaalamu unaweza kuombwa kwa ofisa misitu wa halmashauri, kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), au kwa watu waliosomea misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na Chuo cha Misitu Olmotonyi mkoani Arusha. Kabla ya kukata mti mkubwa mjini, ulizia kwanza ofisi ya mtaa na halmashauri kuhusu kibali, hasa kama ni wa mbao za thamani kama mvule au kama uko kando ya barabara.

Kuhusu jirani, msingi wa sheria za madai uliorithiwa Tanzania na Kenya kutoka Uingereza ni kwamba mwenye mti aliyejua, au aliyepaswa kujua, kuwa ni mbovu na hakuchukua hatua, anaweza kudaiwa fidia. Kwa hiyo jirani akikuletea malalamiko juu ya mti wako, usiyapokee kama uchokozi. Nenda ukautazame mti pamoja naye, piga picha, andika tarehe. Na kama mti mbovu ni wa kwake, mpe taarifa kwa maandishi, nakala ikipelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Uchunguzi huu ufanywe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, na tena baada ya kila dhoruba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotoa tahadhari ya upepo mkali, wanaolala chini ya mti wenye shaka walale upande mwingine wa nyumba usiku huo.

Asubuhi baada ya dhoruba, usitoke mbio kuokota matawi. Simama mlangoni kwanza na utazame juu, kwani tawi lililokatika mara nyingi hunasa kwenye mengine na kuning'inia kwa saa au siku kabla ya kushuka. Nyaya zilizolala chini zihesabiwe kuwa zina umeme mpaka TANESCO waseme vinginevyo, na mti uliogusa waya usishikwe na mtu. Baada ya hapo ndipo uende kwenye kitako cha mti kutafuta ule ufa wa mwezi mwandamo, kabla mvua inayofuata haijaufukia.